Kitambaa Ndani ya Gitaa

Kaloleni, Kisumu

Celestine mwanangu,

Mvua imerudi, na umeme umekatika, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Uliponiuliza kitambaa cha kichwa cha marehemu mama yako kiko wapi, nilijibu sijui. Nilijua. Kimo ndani ya gitaa langu.

Unalikumbuka, lile lenye kifua kilichobinuka na matundu mawili marefu. Kila nilipoongeza sauti ya amplifaya lilinguruma lenyewe, na mama yako akapaaza sauti kutoka jikoni, "Baba Celestine, fahali wako ameamka tena!" Tulipomzika, nilisokomeza kitambaa chake tunduni. Ngurumo ikaisha. Sauti ikatoka nene, tamu, kila uzi ukisikika peke yake.

Jana nilikitoa ili nikutumie. Fahali akarudi. Nikageukia jikoni, nikasubiri kugombezwa.

Sasa sielewi. Miaka yote hii nilikuwa nikitengeneza sauti, au nikimnyamazisha yeye?

Daktari anasema moyo wangu umechoka, kwa hiyo njoo upesi. Nimekirudisha kitambaa, lakini ncha nimeiacha nje. Ukivute au ukiache, amua wewe. Mimi nimeshindwa.

Baba yako,
Walter Owiti