Dumu Alilolileta Elkana

Mama, shikamoo. Maji yote nimeyamwaga, uji pia. Usinigombeze. Chota mengine kwa ndoo.

Asubuhi nilikuwa nafanya mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza. Vifungu vya kitabu vikaniishia, nikasoma maandishi ya lile dumu la bluu alilotuletea kaka Elkana jana kutoka machimbo ya Nyakunguru. Lilikuwa la dawa ya kusafishia dhahabu, na ni sumu! Halifai kwa maji hata likioshwa.

Kaka akacheka: "Kidato cha tano kimekupanda kichwani!" Akanywa kikombe kizima cha maji yake kunikomoa. Nikaendelea kumsomea, nikitafsiri. Nilipofika kwenye neno "figo," akakitua kikombe.

~~Baba asijue.~~ Mwambie Baba. Nampeleka kaka zahanati, na dumu tumelibeba nikamsomee daktari. Kaka anataka nimsomee tena njiani, polepole.

Binti yako,
Dorka