Paja la Ng'ombe na Vidonge Sita

Ngonga, Kyela
9 Juni 2025

Mpendwa mwipwa wangu Godwin,

Ugonile? Chuo kinakwendaje, chakula cha huko kinashuka? Huku tu wazima. Mama yako Felista kifua kimeachia, na mpunga umeingia ndani wote. Mimi peke yangu nilivuna ekari mbili kwa siku moja, watu wakaja kutazama. Bibi yako Tusekile anauliza kama huko Dodoma kuna ndizi.

Ila ujumbe wako umenitoa hamu ya kula. Umeandika: "Mjomba, goti limevimba, lakini nameza diklofenaki nne za maumivu kabla ya mechi najisikia chuma. Jumamosi nusu fainali ya vyuo. Nacheza kama wewe ulivyocheza Mwaya." Kwa simu ungecheka tu ukakata, ndiyo maana nimempa jirani yetu Asifiwe karatasi hii, anapanda basi la huko kesho.

Hadithi ya Mwaya unaijua kwa kinywa changu. Fainali ya kugombea ng'ombe, Ngonga na Mwaya, baada ya mavuno. Beki wao Jackson, jitu la kubeba magunia mawili ya mpunga kwa mpigo, akanikanyaga kifundo kikalia kaa! kama muwa. Nikainuka. Nikampa kiwiko, meno mawili yakatua miguuni kwa mwamuzi. Naye akanitwanga kichwa, pua ikafumuka. Watazamaji wakaingia na mipini ya majembe, kocha wetu akapasuliwa utosi, na bado mpira ukaendelea! Nikaachia shuti, likatoboa wavu, likaua kuku wawili wa mchungaji. Nikarudi Ngonga kwa miguu, paja la ng'ombe begani.

Siku zote naishia hapo. Leo naendelea.

Kifundo kilikuwa kibovu tangu nusu fainali. Nikaenda duka la dawa kwa Marystella, bila cheti cha daktari. Akanipa diklofenaki hizo hizo, akaniambia, "Kimoja tu, kaka, na ushibe kwanza." Nani ashibe? Kwetu mchezaji huingia uwanjani na tumbo jepesi. Nikameza sita, nikateremshia pombe ya komoni. Ndiyo maana sikusikia mguu ukivunjika. Uwanja mzima ulisikia, mwenye mguu hakusikia! Nikakimbia juu ya mfupa uliovunjika nusu saa nzima, kisha nikaubebesha na paja la ng'ombe. Ukasagika.

Asubuhi yake nilitapika damu nyeusi kama machicha ya kahawa, nikaanguka juu ya ile nyama. Mama yako ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka hospitali huku analia njia nzima. Daktari Nasibu, mtu wa Tanga yule asiye na huruma, akasema: "Tumbo lina vidonda, figo zimegoma. Maumivu yalikuwa yanakupigia kelele, bwana, wewe ukayaziba mdomo." Nililala wiki tano. Nyama wakaila wengine.

Kwa hiyo kuchechemea kwangu si mamba wa Mto Mbaka niliyekuwa nakusimulia. Mamba sikumwona. Na kuku alikuwa mmoja. Goli ni la kweli, hilo silitoi.

Siri hii mama yako amenitunzia miaka yote. Alivyousoma ujumbe wako hakunigombeza. Alikaa tu akautazama mguu wangu. Heri angenipiga.

Sasa mwambie kocha goti limevimba. Akikuita mwoga, mpe namba yangu. Nenda hospitali wakalipige picha, na vidonge vyote umpelekee daktari avione.

Jumamosi nitakuwa hapo uwanjani, nauli ninayo. Nikikukuta umevaa njumu, nitaingia na mguu huu huu uliopinda, nikukamate shingo nikutoe mbele ya wasichana wa chuo kizima. Mwamuzi akinionyesha kadi nyekundu, nitaitafuna.

Nisalimie Kisa unayelala naye chumba kimoja, na Nancy wa shangazi yako. Bibi anakuombea. Mungu akulinde wewe na hayo magoti, ndaga fijo kwa kusoma mpaka hapa.

Akupendaye hata ukimnunia,
mjomba wako Zebedayo