Chiriku Alirithi Kwetu

Nyumbani, nyuma ya karakana ya mbao
Jumapili, baada ya kufua

Mpendwa mjukuu wangu, Mama Kibonge,

Hujambo wewe? Mumeo naye? Mimi magoti yanalia kama mlango mkavu, ila mdomo bado mzima, unanijua. Anayeniandikia ni wifi yangu, dada wa marehemu babu yako, maana mimi shule niliipita kwa nje tu.

Habari ya Kibonge kuanguka akikimbia imenikata maini. Uliniuliza kwenye simu, daktari anataka kujua kama kuna mtoto wa ukoo wetu aliyekufa ghafla, nikasema hakuna. Nilikudanganya, mama. Yupo. Kwa simu ningejikanyaga tena; karatasi hii mpelekee daktari.

Baba yako akiwa bado mgongoni, alikuwa na dada. Tulimwita Chiriku kwa kusema kwake. Akiwa hajang'oa hata jino, alianguka uani akiruka kamba, hakuamka. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akimzungushia kamba. Nikamwambia mbele ya watu: "Damu yenu mbovu, mama, ndiyo iliyomla mwanangu!" Akainama, akaikunja ile kamba. Hata alipokufa miaka ya baadaye, alizikwa na lawama ile.

Sasa ukweli. Mdogo wangu wa kiume alianguka vivyo hivyo, akikimbiza mpira. Mama yangu alikuwa na dada aliyezimia kila akishtuka, mpaka siku moja hakuzinduka, msichana mbichi. Nilipomwona Chiriku pale chini nilijua ni ya kwetu. Nilijua, nikamtwisha mwenzangu.

Hapa wifi ameweka kalamu. Ninayemsema ni mama yake mzazi. Amekwenda jikoni, nikasikia sufuria zikibamizwa, akarudi macho mekundu. "Sema upesi, mtoto anangoja. Mimi na wewe tutamalizana baadaye, kizee mwongo wewe."

Basi usingoje. Kesho mpeleke Kibonge, useme ugonjwa huu unatoka kwangu. Mpimwe wote, wewe na baba yako pia. Kwanza asikimbie. Akilia kwa kuzuiwa, mwambie anikasirikie mimi, mabega ninayo.

Msalimie mumeo. Baba yako mwambie alikuwa na dada, na alibebwa naye akiimbiwa nyimbo za kutunga tu. Mungu amshike Kibonge, azeeke mpaka awachoshe watu kwa maneno.

Wako akupendaye,
Bibi yako,
mama yake Chiriku