Sauti ya Mama Bata

Bura, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila maharagwe ya shule yanataka meno ya punda. Goti lako je? Shangazi Christine hajambo?

Jana jioni walituonyesha katuni. Baba, ilikuwa ile ya bata! Ile uliyokuwa ukituwekea katika banda lako la sinema Garsen, ukasimama na maiki ukitutafsiria. Nikawatajia wenzangu mafunzo yake kabla hata haijaanza: mtii mzazi, usimcheke mnyonge. Mto ulipofurika ukamchukua mama bata, nikasema, "Msilie, ameenda ng'ambo kwa nduguye, mwishoni atarudi." Mwishoni akaja bata mkubwa, kinda akamkimbilia, akamwita shangazi. Kiingereza chenyewe chepesi, cha darasa la nne. Mama yake alikufa mtoni, Baba. Walinicheka bweni zima, lakini hilo si kitu.

Mara ya kwanza kuiona nilikuwa na miaka mitano, na Mama alikuwa ametoka nyumbani mwezi mmoja tu. Nilimngoja kwa sababu ya bata yule. Kwamba Mama amekufa niliambiwa na Liban, tulipokuwa darasa la pili, tukigombania kifutio. Wewe hujaniambia mpaka leo. Kwa nini?

Mwanao,
Kadzo

Garsen, 15 Februari 2025

Kadzo binti yangu,

Marahaba. Barua yako ameileta Pekeshe wa basi. Goti siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shangazi yako anakusalimu sana, anauliza kama unakula.

Ama huyo bata, wee! Mtafsiri wa sinema ni mpishi. Asipotia chumvi nani atakula? Hata yule jogoo niliyemfanya chifu mla rushwa, huko mlimwona akipokea chochote? Jogoo wa watu alikuwa akiwika tu.

Nimekutumia karanga na sabuni. Ile likizo fupi ya katikati ya muhula imekaribia, na Shangazi amekwisha kukutengea kuku. Soma kwa bidii.

Baba yako,
Dzombo

Garsen, 4 Machi 2025

Kadzo mwanangu,

Hujambo? Afya yako? Sijapata jibu lako. Siku ya kufunga nilikaa stendi mpaka basi la mwisho, ndipo Pekeshe akaniambia likizo umekwenda Chewele kwa kina rafiki yako Madina. Kuku wako yu hai, anatamba uani kama mwenye nyumba. Shangazi yako ameniambia, "Dzombo, mtoto hakukuuliza habari za jogoo." Kweli.

Basi sikia. Mama yako Jumwa alifariki mwaka 2015, tarehe tatu Mei. Alikuwa na homa kali, mto umejaa, barabara imekatika. Tulichelewa. Tulimzika Minjila kwa babu yako. Wewe ulikuwa kwa Shangazi, nami nikakataa usiletwe mazikoni.

Mwezi ulipopita nikafungua banda, maana lazima tule. Ulikaa mbele kabisa. Mto ulipomchukua bata, ukasimama ukauliza mbele ya watoto wote, "Baba, atarudi?" Maiki mkononi. Nikasema atarudi. Baada ya hapo ningeanzia wapi? Kila Jumamosi uliomba bata, na kila Jumamosi nikamweka. Nilikuwa mwoga, mwanangu. Na nikuambie yote: hata mimi nilipenda kumwona akirudi.

Nisamehe. Ukikubali kuja, nitakupeleka kaburini.

Ni mimi babako,
Dzombo

Bura, 22 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nimepata barua yako, na mwili hauna neno. Niliisoma chooni, ndiko pekee unakoweza kulia hapa bila kuulizwa maswali. Nilikukasirikia sana. Bado kidogo. Lakini nakupenda, na nimekukosa.

Tunafunga tarehe nne Aprili. Nitakuja. Kwanza Minjila, sisi na Shangazi, tutoke asubuhi kabla ya jua. Kuku achinjwe tukirudi, amekwisha kula vya kutosha.

Jumamosi uwaite watoto wa mtaa, uweke bata. Safari hii maiki nitashika mimi. Tukifika pale mtoni nitawaambia amekufa, halafu ninyamaze wasikie maji. Bata wa mwisho atakuwa shangazi, na atafoka kama Shangazi Christine akiona sahani haijaisha. Usimwambie.

Ila kuna jambo. Siku ile shuleni nilianza kulia kabla ya mto, mara mama bata alipofungua mdomo. Ilikuwa sauti ya mtu nisiyemjua. Wewe ulikuwa ukimpa sauti nyembamba, anavuta maneno, anaita, "Weee, njoo ule, mwanangu, njooo." Nimefikiria wiki mbili hizi, tangu barua yako ifike. Wewe huongei hivyo, wala Shangazi. Hiyo ilikuwa sauti ya Mama, sivyo? Kwingine siikumbuki.

Kwa hiyo jogoo nitafanya mimi, kinda nitafanya mimi, na Shangazi pia. Akitokea mama bata nitakupa wewe maiki.

Mwanao,
Kadzo