Kanda Ambayo Mama Hapatikani

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kubeba jambo hili kwa sababu mimi peke yangu limenishinda. Ninaishi Kibwezi, nina duka la kukodisha kanda za video karibu na stendi, na kanda zilizonipa jina ni zile katuni za Wajapani ambazo kaka yangu anayeendesha lori huniletea kutoka Mombasa, zile za watoto wenye macho makubwa, na watu hapa wananijua kwa kitu kimoja, kwamba ukinirudishia kanda ukasema ilikupendeza nitakupa nyingine inayofanana nayo na hutajuta, kwa maana mimi huzitazama zote mwenyewe kabla ya kuzitoa, na sifananishi kwa roboti wala panga, nafananisha kwa vile mtu anavyobaki akisikia moyoni deki ikishazimwa. Sikuwahi kufikiri kazi kama hiyo inaweza kumchosha mtu hivi.

Kuna baba mmoja hapa anaitwa Gicheru, mtu wa Murang'a aliyekuja kuuza spea za magari hapa barabarani, na mke wake Wanjiro alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tukiimba pamoja kwaya ya akina mama kanisani. Mwaka jana Wanjiro alishikwa na ugonjwa wa figo, akapelekwa Nairobi, akafia huko, wakamzika Murang'a nyumbani kwa mume wake, na mtoto wao wa pekee, Wariara, ambaye sasa yuko darasa la nne, aliachwa huku kwa jirani akaambiwa mama bado yuko hospitali ya mbali anatibiwa. Baba yake alitupitia sisi sote, majirani, walimu, watu wa kanisa, akatuomba tunyamaze kidogo mpaka apate nguvu ya kumwambia, na sisi tukaona ni sawa, nani atamkatalia mtu aliyefiwa, tukanyamaza, na hicho kidogo kimekuwa mwaka.

Sasa Mshauri, huyu mtoto alikuja kwangu wakati wa likizo akachukua katuni ya msichana anayevuka nchi ya theluji na mbuzi wake mmoja akimtafuta mama yake, na mwisho anampata akiwa hai. Alipoirudisha macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Anti, nipe nyingine kama hii." Nikampa ya mji ulio chini ya bahari, ambako mama alikuwa amefungwa na mtoto wake akamfungua. Akaja tena. Nikampa nyingine. Ndipo Gicheru mwenyewe akaja dukani, akaniambia, "Mama Syokau, hizo katuni zinamtuliza. Mpe hizo tu, zile ambazo mama anapatikana." Nikakubali. Tangu hapo nimekuwa nikichambua kanda kama mtu anayechambua pojo akitoa mawe, hii mama anapatikana, inakaa rafuni, hii mama anakufa, naificha chini ya kaunta, na kaka yangu akiniletea mpya naipeleka mbele mpaka mwisho kwanza nione kama mama ni mzima. Zamani Wariara alikuwa akipita akitoka shule ananiuliza, "Anti, umesikia mama anarudi lini?" nami namwambia tuzidi kuomba Mungu. Tangu mvua za Aprili hajauliza tena.

Jumamosi iliyopita alikuja, akasimama mbele ya rafu bila kugusa kitu. Akasema, "Anti, katika hizi zote mama anapatikana."

Nikamwambia, "Si ndivyo unavyopenda?"

"Ndiyo. Lakini kuna ile ambayo hapatikani?"

Mshauri, iko. Iko chini ya kaunta, na ni nzuri kuliko hizo zingine zote. Ni ya msichana wa kijiji cha wafumaji, mama yake anakufa katikati, si mwisho, na hadithi haiishii hapo, yeye anabaki na baba yake, wanaunguza chakula, wananuniana, wanaendelea kuishi. Nikamwambia, "Hakuna ya namna hiyo, mwanangu." Akaniangalia vile mtu mzima anavyomwangalia mtoto aliyevunja kikombe akasema ni paka. Akaenda bila kuchukua chochote.

Nilikwenda kwa Gicheru nikamweleza. Hakunifokea. Alikaa kwenye kigoda chake katikati ya hizo spea, akasema, "Nikimwambia, nitaanza kumwona akimkosa mama yake. Saa hii ni mimi tu ninayemkosa. Hilo naweza kulivumilia." Kisha akasema, "Wewe mpe zile. Zikiisha, rudia za kwanza."

Nimechoka. Nimechoka kumdanganya mtoto wa rafiki yangu kwa Kijapani na kwa Kiswahili. Je, nimpe hiyo kanda imwambie kwa niaba yetu? Nimwambie mwenyewe? Ama ninyamaze, kwa kuwa mtoto si wangu?

Mama Syokau, Kibwezi.
(Majina tumeyabadilisha.)


JIBU

Mama Syokau, pole. Pole kwa kufiwa na rafiki, maana katika barua yako yote sioni mahali ulipopewa nafasi ya kumlilia. Mtu akikatazwa kusema fulani amekufa, hata matanga yake yanabaki kooni. Ndiyo maana umechoka. Si kanda.

Sasa nikugombeze. Wewe unayejua mtu anabakiwa na nini moyoni filamu ikiisha, umeshindwaje kumsoma mtoto huyu? Umeniandikia mwenyewe kwamba tangu Aprili ameacha kuuliza mama anarudi lini. Mtoto asiyejua huuliza. Mtoto aliyeacha kuuliza amekwisha kujijibu. Wariara anajua, mama. Pengine alisikia kisimani, pengine shuleni, pengine aliona tu vile mnavyonyamaza akiingia. Alichokuomba Jumamosi si katuni. Alikuwa anakuuliza kama kuna mtoto mwingine yeyote duniani aliyepatwa na hili, nawe ukamwambia hakuna. Ukamwacha peke yake hapo dukani.

Usimpe hiyo kanda kwa sasa. Mtoto hapashwi habari ya kifo cha mama yake na picha za kuchorwa. Wala usimwambie wewe. Ukimwambia wewe, atajua kwamba baba yake hakuweza, na hilo atalibeba mpaka uzeeni.

Rudi kwa Gicheru. Nenda mchana, dukani kwake, usisubiri awe peke yake wala awe na furaha, hiyo siku haiji. Mwambie maneno haya haya: "Mtoto anajua. Anakunyamazia wewe, kama wewe unavyomnyamazia yeye." Mwambie pia kwamba tangu leo hutoi tena kanda kwa kuchagua mama mzima. Atakasirika. Mwache akasirike, si wewe uliyemletea msiba.

Aite mama yake mzazi kutoka Murang'a aje akae nao siku hiyo, kwa sababu mwanamume huyo atavunjika na lazima kuwe na mtu wa kushika mtoto. Lakini baba mwenyewe ndiye aseme "mama alikufa". Asiseme amelala, asiseme amesafiri, asiseme Mungu alimhitaji kwenye kwaya ya mbinguni. Mtoto akiuliza, ajibiwe. Asichokijua, aseme sijui. Kisha ampeleke kaburini, shule ingoje.

Baada ya hapo, kanda yako itoe chini ya kaunta uiweke rafuni na zingine. Akiitaka ataiona. Waitazame yeye na baba yake.

Na nyinyi wengine mnaosoma hapa mkiwa mmemficha mtoto jambo kama hili, mkidhani mnamhurumia: angalieni vizuri ni nani mnayemhurumia.


BARUA YA PILI KUTOKA KWA MAMA SYOKAU

Mshauri, nilifanya ulivyosema. Gicheru aliniambia nitoke dukani kwake, na kwa muda tulikuwa tukipishana njiani kama watu wasiojuana, nikajuta, nikakulaumu na wewe. Halafu nikaona shosho, mama yake Gicheru, ameshuka kutoka basi la Nairobi na kikapu chake, nikajua.

Gicheru alikuja kunieleza mwenyewe. Alisema mtoto hakulia. Aliuliza, "Mama alivaa nini siku mliyomzika?" Na Gicheru hakukumbuka. Alijaribu, akashindwa kabisa, na hapo ndipo yeye akalia, mwanamume mzima, kwa sababu hakukumbuka nguo. Ni shosho aliyesema, "Alivaa sweta lile la kijani, na nywele nilimsuka mimi." Mtoto aliposikia nywele ndipo akaanza kulia, wakalia wote watatu mpaka chai ikapoa. Wiki hiyo walikwenda Murang'a. Wariara alilia njia nzima kurudi, na tangu arudi bado kuna siku hasemi na mtu, shuleni wanampeleka polepole.

Kanda aliiona rafuni akaichukua bila kuniuliza kitu. Alipoirudisha nilimuuliza kama walitazama na baba. Akasema baba alisinzia katikati, amechoka sana siku hizi, kwa hivyo alimfunika na blanketi akaitazama mpaka mwisho mwenyewe.

"Na ilikuwaje?"

Akafikiri. "Nzuri. Lakini huyo msichana hajui kupika, Anti. Anaweka maji mengi. Hata mimi namshinda." Kisha akauliza kama nina nyingine, si lazima iwe ya mama, iwe tu ya watu wanaoishi nyumba moja.

Nimemtafutia. Jumapili, baada ya ibada, sisi wa kwaya tulimwimbia Wanjiro wimbo mmoja, kwa jina lake, kwa sauti, mtoto akiwa ameketi hapo mbele. Mimi bado nimechoka, Mshauri. Lakini sasa ni uchovu wa kawaida, ule ambao mtu akilala unaisha.