Kikohozi cha Msichana wa Ngoma

Baba,

Sijakuandikia tangu tukuzike, na leo siandiki kwa upendo. Nina hasira na wewe.

Mwalimu mwenzangu hapa Voi alinionyesha katuni inayotoka mtandaoni kila Ijumaa. "Wewe unapenda hadithi za watoto, hebu soma hii." Nikasoma kwenye simu saa ya chai, nikicheka peke yangu, maana mchoraji ameficha humo hadithi zetu zote za zamani. Nilimtambua fisi aliyepasuka kwenye njia panda. Nilimtambua sungura mwizi wa maji ya kisima, ila huyu anayauza kwa mitungi kando ya barabara, pale Miasenyi. Halafu nikafika kwa zimwi na ngoma yake.

Kila mtoto anaijua hiyo. Msichana amefungiwa ndani ya ngoma, ikipigwa anaimba, mama yake anaitambua sauti. Kwenye katuni haimbi. Anakohoa mara tatu.

Hicho ni kikohozi changu, Baba. Nilikuwa na miaka sita, kifua kimenibana, ukanipakata ukaibadilisha hadithi ili nisiogope. "Hii ni yako peke yako," ulisema. Nikakuamini mpaka nikawa mtu mzima.

Nilimwandikia mchoraji, nikamuuliza ameitoa wapi. Akajibu, "Alinihadithia baba yangu. Alikuwa mwalimu hapa Taveta, alifariki mwaka jana." Akatuma picha yenu wawili. Umevaa sweta niliyokufumia mimi.

Kumbe ndiyo maana ulikuwa ukija nyumbani mwisho wa mwezi tu, ukisingizia kazi. Nilipomuuliza Mama, hakuacha hata kuchambua maharagwe. "Nilijua," akasema. "Wachana na mambo ya Taveta."

Lakini kinachonichoma zaidi ni hiki. Siku ya mazishi, msichana mmoja alisimama nyuma ya hema akilia kuliko sisi. Baba wadogo wakaniuliza ni wa nani. "Simjui. Mtoeni," nikasema, kwa mdomo wangu huu. Alikuwa yeye, huyo mchoraji. Anaitwa Mghoi, ana miaka ishirini na miwili. Ulinifanya nimfukuze dada yangu kwenye mazishi ya baba yake, na wewe umelala kimya ndani ya sanduku, kama ulivyonyamaza maisha yako yote.

Nilienda Taveta kumwomba msamaha. Alinipa chai, nikainywa mpaka ikaisha. Nilipoinuka kuondoka ndipo akauliza, "Na wewe alikuambia ni yako peke yako?"

Nikaitikia kwa kichwa. Tukalia sana, na hatukuwa tunakulilia wewe.

Kwenye kaburi lako kumeandikwa kwamba umeacha watoto watatu. Nimeshaongea na fundi, Jumamosi anakuja kuandika wanne. Mama akikataa, nitaandika mwenyewe kwa rangi, na Mghoi atakuwa amesimama hapo mbele, watu wote wamwone. Hilo nakuahidi. Kukusamehe, sikuahidi.

Kwaheri, Baba.

Wakesho, mmoja wa binti zako