Usimtoe Ndinda Chuoni

Mwingi

Mwaitu, mama yangu,

Nakusalimu kutoka huku nikiomba goti lako liwe limepoa, na mbaazi ziwe zimeshika maua kabla mvua haijakatika. Sisi tunapumua. Kilonzo anakula, na kile kidonda cha kiunoni kimeanza kufunga. Nakuandikia kwa sababu kwa simu siwezi kusema. Nyumba yetu ni chumba kimoja, na tangu mume wangu Kilonzo aanguke kutoka juu ya lori la mbuzi miguu ikafa, yuko kitandani na husikia kila neno langu. Barua hii nampa mke wa mchungaji, anayekuja huko kwenu Wote kwa mkutano wa kanisa.

Mama, kazi ya kupika pale shuleni sina tena. Mwalimu mkuu hakunitukana. Alinifuata jikoni akasema, "Mwende, ungeugua wewe, ningekupa ruhusa. Ungejifungua, ningekupa. Lakini ruhusa ya kumpeleka mume kliniki Kitui kila mara, sina pahali pa kuitoa." Kesho yake mwanamke mwingine alishika mwiko wangu.

Haikupita wiki, chifu akatangaza baraza. Mkubwa fulani wa serikali alikuwa anakuja kusikiliza shida za walemavu. Nikamwachia jirani Kilonzo, nikaenda. Waliongea sana juu ya viti vya magurudumu, na hiyo ni sawa, hata sisi tunangoja chetu. Maiki iliponifikia nikauliza, "Na sisi tunaowaosha na kuwageuza, serikali imetupangia nini?"

Yule bwana akatabasamu. "Mama, huyo si mume wako? Unataka serikali ikulipe kwa kumpenda?"

Watu wakaangua kicheko, hata wamama wa kanisa letu. Nikamwambia, "Kumpenda nampenda. Mgongo ndio umekataa. Nikilala mimi kesho, mtamtuma nani amwinue?" Akasema swali langu limesikika. Maiki ikaenda kwa mtu mwingine.

Niliondoka nikilia kwa hasira. Kilonzo ningemtupa barabarani, wangekuja na gari na polisi kuniuliza mimi ni mtu wa aina gani. Kwa kuwa simtupi, hakuna anayeniuliza chochote.

Mtu mmoja alinifuata nyuma, Bwana Abdi, anayeuza vitambaa karibu na msikiti. Akasema, "Dada, mke wangu ana ugonjwa wa kusahau. Hanijui tena. Mimi ndiye namlisha, mimi ndiye namsuka nywele. Swali lako nilikuwa nalo mdomoni, nikaona haya. Mwanamume aseme mbele ya watu kwamba anamwosha mkewe!" Duka lake siku nyingi halifunguki. Tulisimama pale tukiongea mpaka viti vya baraza vikakusanywa, na tukakubaliana. Alhamisi anakuja na mkewe kukaa na Kilonzo, mimi nitoke. Jumamosi mimi nakaa na mkewe, yeye afungue duka.

Kilonzo alikataa kwanza. "Mimi si mtoto wa kuachiwa mgeni," akasema, akageuza uso ukutani. Siku hizi yeye na Bwana Abdi wanabishana juu ya mpira mpaka jirani anagonga ukuta.

Alhamisi ya kwanza nilienda hospitali kuonyesha mgongo. Daktari akanibonyeza, akasema nisiinue tena kitu kizito. Nikamwambia kitu chenyewe ni mtu. "Basi tafuta wa kukusaidia," akasema, akaita mgonjwa mwingine. Kila mtu ananiambia nitafute, Mama. Hakuna anayeniambia wapi.

Sasa kaka Mutua amenidokezea kwamba unataka Ndinda aache masomo ya ualimu aje anisaidie. Najua unanihurumia. Lakini nakukatalia kwa heshima zote. Mdogo wangu akija hapa, shida hii haitapungua. Itakuwa imekula mtu wa pili. Nikimaliza mgongo wangu na ujana wake katika chumba hiki, serikali itaona mambo yetu yako sawa, kwa sababu tumenyamaza. Mwache asome. Usimwambie hata kwamba naumwa.

Mimi na Bwana Abdi tumepata wengine wawili wanaouguza watu wao nyumbani. Tunataka kwenda Kitui, kwa ofisi za kaunti, tuulize tena. Nilifikiri nitamficha Kilonzo jambo hili, lakini Bwana Abdi alimwambia. Jana nikimpa uji akanishika mkono. "Mkienda," akasema, "mnibebe. Mnilaze pale mlangoni, nijiulizie mwenyewe."

Tutambeba, Mama.

Msalimie nyanya, na kaka Mutua, na shangazi wa pale sokoni anayeniombea kila Jumapili. Ndinda mwambie dada yake anataka kumwona akishika chaki.

Ni mimi mtoto wako, niliyechoka na mengi ila si wewe,

Mwende